Msumeno wa nakshi wa mtumba unatikisika na kugonga: uanzie wapi

Habari za kazi, mafundi. Malalamiko ya hii misumeno ya mezani yenye bledi nyembamba ni yaleyale: inatikisa meza mpaka penseli zinaanguka. Wengi hukimbilia kufungua mota. Mota iache kwanza.

Hatua ya 1. Chomoa plagi, kaza bolti zote za miguu, kitako na meza ya chuma. Kisha ifunge mashine kwenye benchi zito kwa bolti na wosha. Mkono wa mashine unaoshika bledi unapanda na kushuka mara mamia kwa dakika, mashine nyingi zikifika 1,600, kwa hiyo stendi ya bati pekee haiwezi kutulia. Huna benchi zito? Laza gunia la mchanga kwenye miguu ya stendi.

Hatua ya 2. Bledi. Meno yatazame mbele na chini. Ikaze, kisha igonge kwa kidole: inatakiwa itoe mlio mwembamba, na isisukumike kando zaidi ya milimita 3. Bledi iliyolegea au kufungwa kichwa chini inarusha ubao, na ubao ukipigapiga meza utaapa beringi zimekufa.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Plagi ikiwa bado nje, toa bledi. Shika ncha ya mkono wa juu, isukume kulia na kushoto, huku kidole cha mkono wako mwingine kimegusa kiungio cha nyuma. Ulegevu utausikia kwenye kidole kabla jicho halijauona. Ukiwepo, beringi au bushi (vijibomba ambamo ekseli huchezea) za hapo zimelika. Rudisha bledi, zungusha mota kwa mkono polepole. Ikifanya "tok" kila mkono wa mashine unapogeuza mwelekeo, juu na chini, mbovu ni beringi ya kifimbo kinachounganisha mota na mkono. Hiyo ndiyo inayogonga kwa mpangilio na kuongezeka ukipandisha spidi. Mkwaruzo usiokatika ndio wa mota au feni yake.

Hatua ya 4. Washa, pandisha spidi taratibu. Ikitikisika kwenye spidi moja tu halafu ikatulia ukiipita, huo si ubovu. Fanya kazi juu au chini ya hapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nikiweka sponji la godoro chini yake?
Jibu: Itacheza zaidi. Weka mpira mgumu mwembamba, kipande cha tairi kinatosha.

Swali: Mkuu, beringi niitilie oili ya kupikia kwa muda?
Jibu: Hapana, inaganda na kushika vumbi la mbao. Bushi zitie oili ya cherehani. Beringi iliyozibwa haitiwi oili, inabadilishwa. Namba imechorwa ubavuni: 608, kwa mfano, ina tundu la milimita 8, nje 22, unene 7. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Swali: Yangu imetoka Marekani, natumia transfoma, lakini inavuma na iko polepole.
Jibu: Transfoma inashusha volti tu. Kule umeme ni hezi 60 (mizunguko kwa sekunde), kwetu 50, kwa hiyo mota isiyo na brashi inapoteza kama sehemu moja ya sita ya spidi na kupata joto zaidi. Ipumzishe mara kwa mara, na ukiigusa ikachoma kiganja, tafuta mota ya hezi 50.