Umeletewa kadi ya "wananchi tunapinga kodi ya nyumba"? Hivi ndo unavyomjua aliyeilipia

Unarudi kazini umechoka, unafungua sanduku la posta unakuta kadi kubwa inang'aa, ina picha ya bibi kasimama kibarazani kwake, juu imeandikwa wanataka kukupandishia gharama za nyumba, chini jina la kikundi ambacho maisha yako yote hujawahi kukisikia, sijui muungano wa majirani wa makazi nafuu, alafu unaambiwa ukapige kura ya Hapana. Kesho yake inakuja meseji, kesho kutwa mtu kaifowadi kwenye grupu la WhatsApp la Waswahili wa hapa mjini na emoji tatu za mikono ya dua, na wiki ikiisha kila mtu anaongelea hiyo kodi na hamna hata mmoja aliyeisoma.

Nimeandika hii kwa ajili yetu tunaoishi Marekani, maana huku kodi za namna hii, zinazolipwa nyumba inapouzwa, mara nyingi zinapigiwa kura kwenye ngazi ya mji.

Kitu kilichotoka kwa wananchi wenyewe tunasema kimetoka mashinani. Kilichovaa nguo za mashinani lakini kimelipiwa na wenye biashara, Wamarekani wanakiita Astroturf, jina la zile nyasi bandia zilizotandikwa uwanja wa Astrodome pale Houston mwaka 1966. Aliyeliingiza hilo neno kwenye siasa ni seneta Lloyd Bentsen wa Texas mwaka 1985, aliletewa rundo la barua za "wananchi" zilizopangwa na watu wa bima, akasema mtu wa Texas anajua kutofautisha nyasi za kweli na hizo. Sisi wa Kaitaba na Nyamagana hatuhitaji hata maelezo, kwa mbali ni kijani safi, ukishaanguka ndo goti linakwambia.

Hatua ya kwanza watu wengi wanairuka, na ndo kubwa kuliko zote: isome kodi yenyewe kabla ya kumsoma anayeipinga. Hii ni kodi ya kuhamisha umiliki, inalipwa siku nyumba inapouzwa, ni ndugu wa ule ushuru wa stempu wa Kenya wa asilimia 4 mjini na 2 vijijini. Siyo ile kodi ya jengo ya kila mwaka, na kuzichanganya hizi mbili ndo mchezo rahisi kuliko yote, mzee anayeishi kwenye nyumba yake na hana mpango wa kuiuza anatishwa kana kwamba bili inakuja mwezi ujao.

Chukua Chicago, Machi 2024, kura iliyoitwa Bring Chicago Home. Kiwango cha mji kwa mnunuzi kilikuwa asilimia 0.75 kwa nyumba yoyote ile. Pendekezo lilisema sehemu ya bei hadi dola milioni 1 ishuke iwe asilimia 0.6, sehemu ya kati ya milioni 1 na milioni 1.5 iwe asilimia 2, na inayozidi hapo asilimia 3, hela iende kwa watu wasio na makazi. Sasa toa kalkuleta. Nyumba ya dola 300,000 mnunuzi alikuwa analipa 2,250, kwa pendekezo angelipa 1,800, yaani anaokoa 450. Nyumba ya milioni 1.2 inatoka 9,000 inafika 10,000. Jengo la apatimenti la milioni 2 ndo linaruka, kutoka 15,000 hadi 31,000. Ukishajua hizo namba tatu, mtu akikuletea kadi inayosema mwenye kinyumba cha laki tatu atapandishiwa kodi unajua palepale anakudanganya, lakini mtu akikwambia mwenye hilo jengo la milioni 2 anaweza kuhamishia mzigo kwenye pango la wapangaji, hiyo ni hoja ya kweli, mnaweza kukaa mkabishana.

Na hapa niseme wazi. Kupinga siyo ufeki. Pale Chicago chama cha wenye majengo makubwa, BOMA, kilikwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe, jaji akaifuta ile kura mwezi wa pili, mahakama ya rufaa ikairudisha mwezi wa tatu, na siku ya kura yenyewe pendekezo likashindwa. BOMA unawajua ni nani na wanataka nini, hilo ni jambo halali kabisa. Ufeki unaanza pale mwenye jengo anapojificha nyuma ya picha ya bibi.

Haya, shika kadi. Igeuze, tafuta maandishi madogo yanayoanza na "Paid for by", mara nyingi yako pembeni kwa rangi hafifu ambayo bila miwani huyaoni. Hilo jina ndo la kufuatilia, achana na jina kubwa la mbele. Kama uko California kazi imerahisishwa, tangu 2018 sheria inataka tangazo la kamati litaje wafadhili watatu wakubwa waliotoa dola 50,000 au zaidi, kwahiyo soma mpaka mwisho, usiishie kwenye jina la kamati.

Illinois, jimbo la Chicago, utafute mwenyewe, ila siyo ngumu na ni bure. Nenda kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo, andika jina la kamati. Kuna ripoti ya mapato na matumizi inaitwa D-2, hiyo inatoka kila robo mwaka, na kuna A-1 ambayo ndo tamu, kila mchango wa dola 1,000 au zaidi lazima uripotiwe ndani ya siku 5 za kazi, na zikibaki siku 30 kufika uchaguzi inakuwa siku 2. Kwahiyo wiki ya mwisho, wakati makadi yanamwagika kama mvua ya masika, hapo ndo pa kuingia kila jioni. Angalia mambo mawili tu: wachangiaji wangapi, na wastani wa mchango. Kikundi cha majirani kweli kina watu wengi wa dola 25, 50, mia na ushee, mwalimu, nesi, mstaafu (wale wadogo sana hawatajwi majina, wanajumlishwa kwenye mstari mmoja, uangalie huo mstari una shilingi ngapi). Ukikuta wachangiaji sita, wote ni kampuni zenye neno LLC au chama cha madalali wa nyumba, na mdogo wao katoa elfu kumi, basi ndugu yangu, hao majirani wanaishi ghorofa ya 40.

Wakati mwingine mchangiaji ni kamati nyingine. Fuata na hiyo, ni kama kumenya kitunguu. Alafu unaweza kugonga ukuta, shirika lisilo la faida la aina ya 501(c)(4), hawa kwa kawaida hawalazimiki kutaja wafadhili wao hadharani. Ila wanajaza fomu 990, ripoti yao ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na shirika la habari la ProPublica wanaziweka mtandaoni bure, na ndani kuna majina ya wajumbe wa bodi na kampuni walizozilipa hela nyingi. Tatizo zinachelewa, kura inaweza kuwa imeshapita mwaka mzima ndo fomu inatoka, kwahiyo soma za miaka ya nyuma, ukiona bodi nzima ni watu wa real estate umeshapata unachotafuta.

Kuhusu tovuti na matangazo ya simu sitakaa sana. Ingia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone tovuti ilianza kuonekana lini, kikundi kinachojiita cha miaka mingi lakini tovuti ina wiki tano kina la kujibu. Ingia maktaba ya matangazo ya Meta, wenye Facebook, inaonyesha tangazo la siasa limelipiwa na nani, kwa kiasi gani takriban na limeonyeshwa wapi. Tafuta anwani ya ofisi, ukikuta ni ileile ya kampuni ya mawakili au ya washauri wa siasa, andika pembeni.

Mikutano ndo penye vituko. Mfano bora siyo wa kodi hii, ni wa umeme, New Orleans, lakini mbinu ni ileile na nautaja kwa sababu ulithibitishwa. Kampuni ya Entergy ilikuwa inataka kibali cha mtambo wa gesi, kwenye vikao vya halmashauri wakajaa watu wamevaa tisheti za rangi ya chungwa wanapiga makofi. Mwaka 2018 ikagundulika wengine walikuwa waigizaji, dola 60 ukija kukaa na kupiga makofi, 200 ukisimama kusoma maneno uliyoandikiwa. Kampuni ikajitetea kwamba ni wakandarasi waliofanya hivyo, halmashauri ikaipiga faini ya dola milioni 5. Kwahiyo ukiwa kwenye kikao na kundi limevaa tisheti mpya za sare, bado zina mikunjo ya boksi, msogelee mmoja kwa heshima tu, muulize: shikamoo mama, unakaa mtaa gani, nyie mnakutana wapi, mwenyekiti wenu nani, mimi nawezaje kujiunga? Swali la kujiunga ndo linaua. Kikundi cha kweli kitakung'ang'ania uwe mwekahazina jioni hiyohiyo, maana hakuna anayetaka hiyo kazi. Kikundi cha kukodi kitakuelekeza kwenye tovuti.

Barua nazo zina alama. Chukua sentensi moja yenye maneno ya ajabuajabu kutoka barua ya "mwananchi", iweke kwenye alama za kunukuu uitafute Google, ikitokea neno kwa neno kwenye maoni ya watu wengine mia ujue kuna kiwanda. Wakati wa mabishano ya mwaka 2017 kama kampuni za intaneti ziruhusiwe kupendelea tovuti fulani, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipokea maoni zaidi ya milioni 22, mwanasheria mkuu wa New York akaja kusema mwaka 2021 kwamba karibu milioni 18 yalikuwa feki, milioni 8.5 ya kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti zenyewe. Na upande wa pili kijana mmoja wa chuo wa miaka 19 alituma zaidi ya milioni 7.7 peke yake. Kwahiyo ukikagua, kagua pande zote. Wanaounga mkono kodi nao wana wafadhili, mara nyingi vyama vya wafanyakazi, na wana maneno yao ya kupaka sukari. Los Angeles 2022 kodi ya ULA waliiuza kama kodi ya majumba ya kifahari, kumbe ilipoanza ilikamata mauzo ya zaidi ya dola milioni 5, apatimenti na maduka humohumo, na ikishakamata ilikula asilimia 4 au zaidi ya bei nzima siyo ya kile kilichozidi.

Majina pia yanasema. Arizona mwaka 2008 pendekezo la kupiga marufuku kodi hii kwenye katiba ya jimbo liliitwa Protect Our Homes, tulinde nyumba zetu, na nyuma yake walikuwa madalali wa nyumba. Missouri 2010 wapigakura wakaipiga marufuku kodi ambayo jimbo hata halikuwa nayo, ikapita kwa kishindo. Mimi sioni ajabu dalali kupinga kitu kinachogusa mauzo, ni ugali wake, ila ukilisoma jina la kampeni humwoni dalali popote.

Ukishapata ushahidi, tulia. Piga skrinishoti zenye tarehe, hifadhi ripoti za michango maana tovuti za kampeni zinafutwa kura ikiisha. Usimkimbilie yule mama wa tisheti wala kuposti sura yake, huenda na yeye kaambiwa nusu tu, wa kuulizwa ni aliyelipa. Mwandishi wa gazeti la mji anapenda sana mtu anayekuja na karatasi badala ya hasira, na kama maandishi ya nani kalipia hayapo kabisa kwenye kadi, bodi ya uchaguzi inapokea malalamiko. Na wenye grini kadi, tafadhali, ukiletewa karatasi ya kusaini mlangoni ya wapigakura usisaini hata kama kijana ni mcheshi, kujionyesha kama raia wakati siyo kunaweza kukuharibia makaratasi yako yote.

Kwenye grupu usiandike gazeti, hawatasoma. Mimi huwa naweka hivi:

"Jamani hii kadi imelipiwa na kamati fulani. Wachangiaji wake ni hawa sita, linki ya ripoti hii hapa. Nyumba ya laki tatu kodi inashuka dola 450, hesabu hii hapa. Anayepinga kwa sababu ya wapangaji tuongee, aliyefowadi bila kusoma anunue chai Jumapili."