Kabla ya kununua vidonge vya antioksidanti kwa ajili ya pumu

Mwaka jana mdogo wangu, mwenye pumu, alirudi nyumbani na kopo la vidonge vya kijani vya antioksidanti, yaani vitu vinavyozima kemikali zinazounguza mwili. Aliyemuuzia alimwambia vinaamsha kinga ya mapafu, na kwamba baada ya mwezi ataisahau pampu yake ya kuvuta dawa. Aliamini, akaiacha. Wiki ya tatu tulimkimbiza hospitali usiku wa manane, amekaa ameinama mbele, anasema neno mojamoja. Alipona. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye kopo kama lile analo mkononi na hajalifungua.

Ujue kwanza kwamba maneno ya muuzaji yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanashika. Njia za hewa za mwenye pumu huwa na uvimbe hata siku anayojisikia mzima. Seli za kinga zilizojikusanya humo hutoa kemikali kali za oksijeni zinazounguza utando, na moshi wa mkaa au wa magari huongeza nyingine. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuzizima kemikali hizo. Kimojawapo, superoksidi dismutasi, kilielezwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, na imeonekana kuwa nguvu yake hupungua katika njia za hewa za wenye pumu. Vingine vingi huamshwa na protini iitwayo Nrf2. Mwaka 1992 maabara ya Paul Talalay, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, ilitoa kwenye brokoli, mboga ya jamii ya kabichi, kemikali iitwayo salforafani, ambayo huiamsha protini hiyo. Miaka mitano baadaye maabara hiyohiyo ilionyesha kuwa machipukizi ya siku tatu yana malighafi ya salforafani mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza: ilipimwa kwa nani, na kilichopimwa ni nini?

Mwaka 2009 watafiti wa California waliwafanyia watu 65 jaribio la machipukizi ya brokoli yaliyosagwa kwa siku tatu, kisha wakachunguza seli zilizooshwa kutoka puani. Kwa dozi kubwa, gramu 200, ishara za seli za kutengeneza vimeng'enya zilipanda. Ya kile kiitwacho NQO1 ilifika karibu mara tatu. Habari hiyo ndiyo inayozunguka mpaka leo. Lakini kupanda kwa kimeng'enya puani si sawa na mtu kulala usiku mzima bila kukohoa. Mwaka 2016 yakatoka majibu ya jaribio la Johns Hopkins kwa watu wazima 40 wenye pumu yenyewe. Waliopewa machipukizi ya brokoli walikula gramu 100 kila siku kwa siku tatu. Salforafani ilionekana kwenye damu yao, yaani ilifika. Hata hivyo vimeng'enya havikupanda kwa kiwango cha maana, uvimbe haukupungua, na nguvu ya pumzi ilibaki ileile. Labda dozi ilikuwa ndogo, labda siku zilikuwa chache. Ila mtu anayekwambia uache pampu hana jaribio linalomuunga mkono la kukuonyesha.

Tena kidonge si chakula. Huko Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawiwa vidonge vya antioksidanti mbili, beta-karotini (rangi ya karoti) au vitamini E, vyote viwili, au vya bandia visivyo na dawa. Mwaka 1994 ilitangazwa kuwa waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Antioksidanti nayo inaweza kudhuru.

Mboga zile, hakuna anayekukataza. Sukuma wiki na kabichi ni ndugu wa brokoli. Zikate, ziache kidogo, kisha zipike kwa muda mfupi, maana kimeng'enya cha mboga kinachotoa kemikali za aina hii hufanya kazi zinapokatwa na hufa zikichemka sana. Machipukizi mabichi niyaonye: mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria, na chanzo kilifuatwa hadi kwenye machipukizi ya uwatu. Kama huna uhakika na maji ya kuoteshea, yapike.

Pesa uliyotenga kwa ajili ya kopo ianze kwenye pampu. Ile ya bluu hutuliza tu. Ile ya kuzuia, yenye steroidi ya kuvuta, ndiyo hushusha uvimbe, na huvutwa hata usipoumwa, kisha unasukutua mdomo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana kutegemea ya bluu peke yake. Pampu nyingi zina mivuto 200: andika tarehe uliyoifungua na hesabu, kwa sababu inaweza kuendelea kutoa upepo dawa ikiwa imekwisha. Mtoto asiyeweza kuvuta sawasawa anahitaji chemba ya katikati, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo wake. Ikikosekana dukani, madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa pampu, hufanya kazi hiyo vizuri. Mwombe mhudumu wa kliniki akutazame ukivuta. Mdogo wangu alivuta vibaya kwa miaka, wala hakuna aliyewahi kumtazama.

Nyumba nayo itazame. Kwetu Tanga mama hufukiza udi kila Alhamisi jioni. Siku hizi anafukiza uani, nguo zikiwa kwenye kamba, na hatukuona amepungukiwa kitu. Jiko la mkaa lilitoka nje. Dawa ya mbu ya kuchoma tuliiacha, tukabaki na chandarua. Mende tunapambana nao bado.

La mwisho liandikwe kabla ya siku mbaya: mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo au ulimi ukibadilika rangi, au mlio wa kifua ukizimika ghafla huku bado anahangaika, hiyo ni safari ya hospitali. Tafuta gari huku anaendelea kuvuta ya bluu kwa chemba, mivuto 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Kwetu karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, pamoja na namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaani kwetu.