Pikipiki inapiga kelele baada ya kubadilisha cheni

Zima injini, weka gia huru, isimamishe kwa stendi kubwa, kisha zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Usiwashe injini eti usikie vizuri. Cheni hukata vidole. Kelele ikitokea hapo, injini haihusiki.

Inua na ushushe cheni katikati ya sproketi mbili (magurudumu yenye meno yanayobeba cheni). Pikipiki ndogo nyingi hutaka mchezo, yaani nafasi ya cheni kupanda na kushuka, wa milimita 20 hadi 30. Pima sehemu nne au tano, maana cheni mpya kwenye sproketi kuukuu hukaza hapa, hulegea pale, ndipo inapogonga “ka, ka” kila mzunguko. Ikikaza mno huvuma na kula beringi. Klipu ya kiungo, kile kibanio kinachofunga kiungo cha kuunganisha cheni, je? Upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Alama za ekseli (chuma kinachopita katikati ya tairi la nyuma) zilingane kushoto na kulia.