Kuuguza mgonjwa wa kansa nyumbani Dodoma, mambo ya kujua mapema

Kwanza muulize dokta waziwazi, hii dawa ni ya kuponya au ya kumpunguzia maumivu tu? Ukishajua hapo ndo mnaamua kama kweli kuna haja ya kupanda treni ya SGR kumpeleka Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar, au abaki hapahapa karibu na wanae. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe akiwa bado anaongea vizuri, msisubiri kikao cha ukoo kije kubishana juu ya kitanda chake (wale wa kupiga simu toka mbali ndo wana maoni mengi kuliko anayefua mashuka).

Sasa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu ya kunywa. Watu wanaiogopa eti inaua, hapana, ikitolewa kwa kipimo cha dokta inatuliza tu. Kawaida anapewa kila baada ya masaa manne, usisubiri mpaka alie ndo umpe, na umwombe dokta dawa ya kulainisha choo hapohapo maana mofini inafunga choo vibaya sana. Chupa ifichwe mbali na watoto.

Siku za mwisho akianza kukataa chakula usimlazimishe jamani, hata mlenda aliokuwa anaupenda, mwili wenyewe unakuwa hautaki tena. Mloweshe midomo na pamba yenye maji safi, mgeuze kila masaa mawili asipate vidonda vya mgongo.

Akifia nyumbani toeni taarifa mapema ofisi ya serikali ya mtaa kwa ajili ya kibali cha mazishi.