Kabla ya Kuogesha Mbuzi Wenye Chawa: Mambo ya Kuandaa

Nunua dawa inayotosha kuogesha mara mbili kabla hujagusa mbuzi hata mmoja. Dawa nyingi huua chawa aliye hai na kuyaacha mayai yaliyogandishwa kwenye unywele. Mayai hayo huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili na ushee, kwa hiyo anayeogesha mara moja hupata nafuu ya siku chache, kisha mbuzi huanza tena kujisugua ukutani. Duru ya pili ifanyike siku ya 12 hadi 14. Ukiiwahisha sana, mayai mengi hayajaanguliwa. Ukiichelewesha hadi wiki ya nne, chawa wapya wamekwishataga. Andika tarehe zote mbili mlangoni pa banda.

Kabla ya kwenda dukani, jua unapambana na nani. Mshike mbuzi juani, panua manyoya kwa vidole shingoni, mabegani, mgongoni na nyuma ya masikio. Chawa anayetafuna ana milimita moja hadi mbili, rangi ya manjano inayoelekea kahawia, kichwa kipana, na hukimbia ukimfunua. Anayenyonya damu ana rangi ya kijivu kama bluu, kichwa chembamba, na huwa ameng'ang'ania ngozini. Mayai ni vidoa vyeupe ambavyo havipukutiki ukivipapasa, mba hupukutika. Ukikuta ngozi imekakamaa na kufanya magaga, huo ni ukurutu, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Vuta pia ukope wa chini uone ndani yake: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, mbuzi amepungukiwa damu, na mara nyingi minyoo imo pamoja na chawa. Kuua chawa peke yake hakutamnyanyua mbuzi wa namna hiyo.

Tofauti hiyo ya chawa ndiyo inayoamua dawa. Sindano ya ivermektini humfikia chawa kupitia damu, kwa hiyo humpata anayenyonya. Anayetafuna ngozi na manyoya hunusurika, na mfugaji hubaki akilaumu duka. Ukiwa na wote wawili, au huna uhakika, chagua dawa ya kupulizia. Amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 32 kwenye bomba la mgongoni la lita 16. Kibandiko cha chupa uliyonunua ndicho cha kufuata kikisema vinginevyo, hasa kuhusu vitoto, mbuzi wa maziwa na siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Mbuzi mkubwa huhitaji kama lita mbili ili alowe hadi ngozini, kwa hiyo mbuzi kumi wanahitaji lita 20 za mchanganyiko kwa duru moja. Pima kwa sirinji. Kifuniko cha chupa hakipimi kitu. Oili chafu, mafuta ya taa na dawa ya mbu ya dukani visimguse mbuzi kabisa: huunguza ngozi au humpa sumu.

Bomba lisiwe lililowahi kubeba dawa ya magugu, hata likisuuzwa vipi. Andaa glavu, gambuti, barakoa na sabuni. Chagua asubuhi yenye jua, siku isiyo na dalili ya mvua. Wanyweshe mbuzi kwanza, maana mwenye kiu atalamba dawa. Pulizia kinyume na ulalo wa manyoya, ukiingia chini ya tumbo, kwapani, katikati ya mapaja na chini ya mkia; kichwani tumia kitambaa kilicholowa, ukikwepa macho na mdomo.

Mbuzi wote waogeshwe siku hiyohiyo, pamoja na wale wasiojikuna. Mmoja aliyeachwa kwa sababu "huyu mzima" anatosha kuambukiza banda zima tena.

Banda lenyewe halihitaji dawa nyingi. Chawa akianguka kutoka kwa mbuzi haishi zaidi ya wiki moja hivi, na hamfuati binadamu wala kuku. Ondoa matandiko, fagia, acha jua liingie, na usiweke mbuzi wengi kupita nafasi: mbuzi mkubwa anahitaji kama mita moja na nusu za mraba. Msimu wa mvua na kipupwe, mbuzi wanapobanana, ndipo chawa hushamiri.

Mlango mkubwa wa chawa ni mbuzi mgeni. Yule wa mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, hutengwa wiki tatu hadi nne na kuogeshwa mara mbili kabla ya kuingia. Chawa haruki wala hapepei, kwa hiyo kwenye kiwanja kidogo cha Mbagala au Chanika ukuta mmoja na kamba yake mwenyewe vinatosha. Anayesahaulika zaidi ni beberu wa kuazima: anakuja siku mbili kupanda majike, anarudi kwao, na chawa wanabaki. Mkague kabla hajavuka geti.

Dawa iliyobaki usiimwage mtaroni. Mitaro yetu huishia kwenye mito kama Msimbazi na baharini, na dawa hizi huua samaki. Wiki moja baada ya duru ya pili, panua tena manyoya mahali palepale. Ukikuta chawa wanaotembea, tafuta kwanza mbuzi aliyerukwa na vipimo vilivyopunguzwa, kabla ya kubadili dawa.