Jinsi ya kuufufua udongo wa malisho kwa kuchanganya nyasi na kunde (kwa sisi wa Mombasa)

Nenda pale unapomfunga mbuzi wako uangalie chini. Kama kigingi kimekaa pahali pamoja miezi miwili mitatu utaona duara, ndani yake hakuna kitu, mchanga umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, na nje ya duara kumebaki aina moja tu ya nyasi, ile kavu ambayo hata mbuzi mwenyewe haitaki. Mimi nilianzia hapo, kwa kiploti cha kama nusu eka huku Mwakirunge, na kila niliemuuliza aliniambia neno moja: tia mbolea. Nikatia. Nikanunua na mbegu za nyasi aina moja, niliambiwa hii ndio dawa, masika ya kwanza zikatoka vizuri kweli mpaka majirani wakaja kuangalia, masika ya pili zikaanza umanjano, na kufika ya tatu kulikua na mabaka matupu kila pahali na nilikua nshamaliza pesa.

Nlichokuja kuelewa baadae ni kwamba ule udongo ulikosa mizizi ya namna tofauti. Nyasi za aina moja zote zafika kina kimoja, zavuta chakula kile kile, zalala usingizi msimu mmoja, na ugonjwa wa mizizi ukiingia hauna wa kuuzuia manake kila jirani ni ndugu yake. Ukichanganya, huyu ashika udongo wa juu na vimizizi vyembamba kama nywele, yule ateremka chini kabisa kutafuta maji, mwengine, wa jamii ya kunde, akamata naitrojeni ya hewani ambayo ni chakula cha mimea, na wote wadondosha majani na kutoa utamu kwenye mizizi ambao ndio chakula cha bakteria na kuvu. Hao wadogo ndio wanaougandisha mchanga ukawa vibonge vibonge vyenye nafasi ya hewa na maji. Udongo wa pwani ambao mwingi ni mchanga mtupu, bila hivo vibonge maji yapita tu kama kwenye chujio la tui.

Na hili sio la kubuni. Kule Cedar Creek, Minnesota, Marekani, mtafiti wa mimea David Tilman na wenzake walianza mwaka 1994 kupanda viploti vya mmea mmoja, miwili, minne, minane mpaka 16, na vile vyenye mchanganyiko vikaendelea kujaza kaboni kwenye udongo kuliko vya aina moja. Ujerumani huko Jena walianza 2002, wao walifika mpaka aina 60, na waliona viumbe vidogo vya udongoni vyaongezeka kwenye mchanganyiko, lakini shika hili, ilichukua kama miaka minne hivi ndio tofauti ikaonekana sawasawa. Kwa hivo usije ukaning'oa macho mwezi wa sita.

Haya, kazi yenyewe.

Kabla hujanunua chochote, pima. Chukua mkebe wa maziwa ya unga, utoboe chini uwe wazi pande zote mbili, uugongee ardhini kiasi cha vidole vitatu, alafu mimina chupa ya nusu lita ya maji uangalie saa. Fanya pale kwenye duara la mbuzi, kisha fanya chini ya mti au kando ya ua ambapo pameota vitu vya kila aina na hapakanyagwi. Kwangu, maji ya kwenye duara yalikaa nikaenda nikachemsha chai nikarudi bado yapo, na pale chini ya ua yalizama nikiwa bado nashikilia chupa. Ni umbali wa hatua kumi, udongo ni ule ule. Chimba pia kwa jembe kina cha mkono mpaka kiwiko, ushike udongo uunuse: ulio hai wanukia kama mvua ya kwanza, una vimizizi, una minyoo au majongoo. Andika ulichoona pahali, ama piga picha, utaitaka baadae.

Sasa mimea. Watu wengi hapa hukosea kwa kuhesabu, ati nna aina nane, kumbe zote nane ni nyasi za mashada zinazofanya kazi moja. Angalia kazi. Wataka nyasi ndefu ya mashada yenye mizizi ya kushuka, kama panikamu hii inayoota yenyewe kando ya barabara, au brakiaria. Wataka ya kutambaa ya kuziba mapengo, na hiyo unayo tayari, ukoka, usihangaike kuinunua. Wataka jamii ya kunde ya chini, na kwa pwani mimi nampenda klitoria, ile yenye ua la buluu inayopanda juu ya nyasi, watafiti wa kilimo walioko Mtwapa wameifanyia kazi miaka mingi kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa wa huku. Na wataka mti mmoja au miwili mifupi ya jamii hiyo hiyo ya kunde: glirisidia unakata fimbo tu unachomeka mvua zikianza, ama mbaazi, hizi hizi za kulia mahamri, mzizi wake wateremka chini sana na majani mbuzi yuwayala. Hapo una aina nne tano na kila moja ina kazi yake. Zikishika ndio uongeze nyengine.

Lusina, mti mwengine wa jamii ya kunde, pia ni nzuri lakini nakuomba uwe nayo macho. Yasambaa vibaya, ikate kabla maganda hayajakauka, na usimpe mnyama lusina tupu manake ina sumu ikizidi, isipite kama theluthi ya chakula chake. Na miche ya mwarobaini ikijiotea katikati ya malisho ing'oe ingali midogo, ukiiacha itajaza shamba zima.

Mbegu: mimi niliwahi kuuziwa mfuko ambao haukumea hata robo, na nilikosa masika nzima kwa hilo, iliniuma sana. Tangu siku hiyo nahesabu mbegu 100 naziweka kwenye kitambaa chenye unyevu, nafunika, baada ya kama wiki mbili nahesabu zilizochipua. Na ujue mbegu za panikamu na brakiaria zikiwa zimevunwa juzi juzi huwa bado zimelala, ziache miezi kadhaa kwanza pahali pakavu. Klitoria nayo ina ganda gumu, iloweke usiku kucha, zile zilizofura asubuhi ndizo za kupanda na zisizofura uzikwaruze kidogo kwa msasa.

Usipande kwa mvua ya kwanza ya kubahatisha. Ngoja kusi ishike na ardhi ilowe kweli, mwezi wa nne kuelekea wa tano. Lile duara gumu lipasue kwa jembe la meno, usilipindue lote, ukilima shamba nzima wavunja hata vile vibonge vichache ulivyokua navyo. Mbegu za nyasi ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu ndoo moja ndio zienee, mwaga, kisha pitisha tawi la mti juu kama wafagia, zisizame zaidi ya sentimita moja. Klitoria ichomeke kwa kidole, sentimita mbili au tatu, kwenye mistari katikati ya nyasi. Lengo ni kama theluthi moja ya kilichofunika ardhi kiwe cha jamii ya kunde, ukipungukiwa mwaka wa kwanza utaongeza vuli. Fimbo za glirisidia zipange kwenye mpaka, ndio ua wako huo.

Kuhusu mbolea, samadi iliyooza tia, kidogo kidogo. Lakini urea, ile mbolea ya dukani ya naitrojeni, ya kila msimu achana nayo. Kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza kuna uwanja wa nyasi wanaoufuatilia tangu 1856, sehemu wasizotia kitu zina aina zaidi ya 30 mpaka leo, na zile za amonia salfeti, mbolea nyengine ya naitrojeni, bila chokaa ya kupunguza tindikali udongo uligeuka tindikali na zikabaki aina chache sana. Naitrojeni nyingi hulisha mmea mmoja mwenye nguvu ukawafunika wenzake. Na chokaa nayo usiikimbilie kama shamba lako liko juu ya mawe ya matumbawe, hapo chini ni chokaa tayari, wazee wetu walikua wakiyachoma hayo mawe kujengea. Kapime udongo kwanza.

Baada ya kupanda mbuzi wasiingie kabisa miezi mitatu minne, hapa ndipo moyo wa mtu hupimwa manake utaona majani mabichi na mbuzi wamelia. Wakatie ya nje uwaletee. Kisha gawa shamba mafungu manne mpaka sita, kamba na vigingi vyatosha, kila fungu wale siku chache alafu lipumzike wiki nne mpaka sita, wakati wa kaskazi hata zaidi. Mbuzi huchagua, ataanza na klitoria mpaka aimalize, na ukimwacha siku nyingi pahali pamoja atakuondolea huyo huyo aliekua akilisha udongo. Nyasi zikibaki urefu wa kiganja kilichosimama mtoe. Na ukifunga kwa kigingi, kihamishe kila siku, asubuhi, kabla ya chochote.

Baada ya miezi mitatu ng'oa mche mmoja wa klitoria taratibu na udongo wake, utikise. Kwenye mizizi utaona vinundu kama punje za mtama, ndimo wanamoishi bakteria wanaokamata ile naitrojeni. Kipasue kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu chekundu kama nyama, kazi yafanyika, kikiwa cheupe au kijani hakifanyi kazi. Mara nyingi bakteria wa hapa hapa wanatosha kwa kunde, mbaazi na klitoria, ila lusina ni mchaguzi, chukua konzi ya udongo chini ya lusina iliyostawi ukatie kwenye shimo lako.

Na anaesema udongo wa Mombasa haufufuki aende Bamburi, pale Haller Park. Lilikua shimo la kuchimbia mawe ya simiti, jiwe tupu na maji ya chumvi chini. Mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti 1971, mingi ikafa, mivinje ikashika, lakini majani yake yalikua hayaozi yamelala tu juu ya jiwe mpaka alipoleta majongoo wakayala wakayageuza udongo. Leo ni msitu. Mimi sikuwa na jiwe, nilikua na mchanga uliochoka, na mwaka huu ni wa tano. Juzi nimerudia ule mkebe pale pale palipokua na duara, nusu lita ikazama kabla sijafunga kifuniko cha chupa, na nilipouchomoa jongoo alikua amejikunja ukingoni, nikamrudisha kwenye nyasi.