Damu imekaa kwenye friji siku tatu, majibu ya homoni uyaamini? Jinsi ya kujua

Swali ninaloulizwa sana, hasa na watu wa Kondoa na Mpwapwa ambao damu inatolewa kule halafu inasafirishwa kuja Dodoma mjini au inapitiliza mpaka Dar, ni hili: "kaka, damu yangu imekaa siku tatu ndo ikapimwa, hayo majibu si ya uongo?" Nimekaa maabara miaka mingi na jibu langu huwa linawashangaza. Siku tatu sio shida, shida ni yale masaa mawili ya kwanza.

Damu ikitoka mwilini haijafa bado. Chembe zilizomo kwenye tyubu zinaendelea kula, ndo maana sukari kwenye damu ambayo haijatenganishwa inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa, na chembe zikichoka zinapasuka zinamwaga vya ndani. Kwa hiyo kinachotakiwa kufanyika ni hiki: tyubu ya kifuniko chekundu au cha njano inaachwa imesimama kama nusu saa damu igande, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine inayoitwa sentrifuji kama dakika 10, halafu yale maji ya njano yanayobaki juu, seramu, yanahamishiwa kwenye kichupa kingine safi kinafunikwa vizuri. Yote hayo yaishe ndani ya masaa mawili. Seramu ikishakuwa peke yake imetulia, TSH na T4 za tezi ya shingo, kotisoli ile homoni ya msongo, testosteroni ya kiume, hizo zinakaa kwenye friji ya nyuzi 2 mpaka 8 hata wiki nzima na majibu yakabaki yaleyale.

Sasa ukienda kufuatilia majibu usiulize imekaa siku ngapi, uliza "damu yangu ilizungushwa saa ngapi, na kabla ya hapo ilikuwa imewekwa wapi?" Mtu wa maabara anayejua kazi yake hakasiriki, atafungua daftari akuonyeshe. Akianza kubabaika jibu umeshalipata.

Kuna siku nilipokea boksi la Ijumaa, limekuja na basi, mwezi wa 11 lile joto letu la kabla ya mvua mnalijua, barafu imeshakuwa maji na tyubu zinaogelea humo, na hamna hata moja iliyozungushwa. Nikazizungusha, nikainua moja dirishani. Badala ya njano nikaona nyekundu kabisa, kama juisi ya rozela. Chembe zimepasuka zote. Na kwenye fomu wameomba insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari! Ndani ya chembe nyekundu kuna kimeng'enya kinachokatakata insulini, kwa hiyo mashine ingetoa namba, tena namba nzuri tu yenye desimali mbili, ila iko chini kuliko ukweli, na daktari angeona kongosho la yule mama mgonjwa limechoka. Nikakataa kupima, nikapigiwa simu nikasemwa kweli kweli, eti nawasumbua wagonjwa. Sawa, ila bora asumbuliwe kuchomwa mara ya pili kuliko kupewa ugonjwa ambao hana.

Halafu mjue homoni hazifanani ugumu. Za tezi na zile za jamii ya kotisoli na testosteroni ni ngumu, zinavumilia safari. ACTH, ile inayoamrisha kotisoli itoke, ni laini mno, inataka tyubu ya kifuniko cha zambarau iliyopozwa, iwekwe kwenye barafu hapohapo na izungushwe haraka kwenye mashine yenye ubaridi, kwa hiyo ukiandikiwa ACTH na uko kituo ambacho hakina sentrifuji usitoe damu hapo, panda gari uifuate mashine ilipo. PTH, ile inayopanga kalsiamu mwilini, nayo inakaa vizuri zaidi kwenye zambarau kuliko kwenye seramu. Projesteroni, homoni ya uzazi ya mwanamke, ina kituko chake, inaweza kupungua ikiachwa siku nzima imekaa juu ya ile jeli iliyomo ndani ya tyubu ya njano, ndo maana nasisitiza kuhamisha. Na renini, ile inayohusika na presha, ndo inachanganya kabisa, yenyewe haitaki baridi kabla haijatenganishwa, mtu anaichomeka kwenye friji akidhani anaisaidia kumbe baridi inaiamsha ile renini iliyokuwa imelala na kipimo kinapanda juu. Inatakiwa ikae kwenye joto la chumba. Ila joto la chumba wanalosema ni nyuzi 20 mpaka 25, sio chumba cha bati saa nane mchana wala dashibodi ya gari.

Kama sampuli inasubiri zaidi ya wiki, difriza. Hapa watu wanaharibu sana. Kwanza usigandishe damu ambayo haijatenganishwa, kila chembe itapasuka. Pili, nyuzi -20 inatosha kwa homoni ngumu kwa miezi, ila zile laini za kukaa muda mrefu zinataka -80. Tatu, difriza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe hazifai, kwa sababu kila zikijiyeyusha zinapasha joto kidogo, na sampuli inayeyuka inaganda inayeyuka inaganda bila mtu kujua. Umeme ukikatika usiku ni hivohivo, kwa hiyo muwe na kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa lililofikiwa, msitegemee kwamba asubuhi mlikuta vimeganda. Njia nzuri ni kugawa seramu kwenye vichupa vidogo vidogo, ukihitaji unatoa kimoja, vingine havisumbuliwi.

Na ukiyeyusha, changanya! Umeshawahi kula barafu ya ubuyu ya kwenye kimfuko? Ukinyonya mwanzo unapata utamu wote na rangi yote, mwishoni unabaki na barafu nyeupe haina ladha. Seramu inafanya vilevile, ikiyeyuka vitu vizito vinakaa chini na juu panabaki majimaji, ukichota juu homoni iko chini, ukichota chini iko juu, na ni kichupa kimoja. Kigeuze taratibu mara kama kumi, usikitikise kama soda.

Upande wako mgonjwa kuna mambo ambayo friji haiwezi kurekebisha. Kotisoli inapanda asubuhi inashuka jioni, testosteroni ya mwanaume itolewe asubuhi kabla ya saa nne, prolaktini, homoni ya maziwa, inapandishwa hata na wasiwasi wa sindano kwa hiyo kaa utulie kwanza, na homoni za uzazi kwa dada zetu bila kuandika ni siku ya ngapi ya mzunguko ile namba haisomeki. Na hili la saa liangalie mwenyewe kwenye fomu. Muuguzi anaandika "2:00" akimaanisha saa mbili asubuhi, maabara ya mbali wanasoma saa nane mchana, na kotisoli ya chini ambayo ingemshtua daktari inaonekana ya kawaida. Mwambie aandike "saa 2 asubuhi" kwa maneno.

Kingine ni vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, aina ya vitamini B. Mdogo wangu wa kike alikuja na TSH ipo chini na T4 ipo juu, picha kamili ya tezi iliyozidi kasi, na yeye analala vizuri, mwili umenona, moyo hauendi mbio. Sampuli ilikuwa imetunzwa vizuri kabisa. Kumbe anameza vidonge vya nywele, na bayotini inavuruga baadhi ya mashine kwa mtindo huohuo. Akaacha siku tatu tukarudia, kawaida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo juu ya hili tangu 2017 ila dukani hamna anayekwambia.

Mwisho kabisa, ukitaka kujua kama homoni imepanda toka mwaka jana, usilinganishe karatasi ya maabara moja na ya nyingine, mashine hazisomi sawa. Kama ile seramu ya zamani ipo kwenye -80 na haijawahi kuyeyushwa, omba zipimwe zote mbili siku moja mashine moja. Kama haipo, toa damu upya palepale ulipotoa mwanzo, saa ileile, na ikiwezekana usitoe Ijumaa mchana.